Uzi maalumu wa VR: imefika wapi, inafaa kazi gani, na inakwama wapi

Lenzi_Mbili

Wakuu, salaam. VR (virtual reality), au uhalisia pepe kwa Kiswahili chetu, yaani kumwingiza mtu katika dunia iliyochorwa na kompyuta, mara nyingi kwa hedseti ya kuvaliwa kichwani, imesemwa sana kama mchezo wa vijana, na waliokwisha kuikatia tamaa ni wengi. Uzi huu ni wa anayetaka kuifanyia kazi: kufundisha, kutibu, kusanifu jengo kabla tofali la kwanza halijawekwa. Anayechangia naomba ataje vipimo, maana "inategemea" haimsaidii mtu.

Nianze na ilikotoka. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani kilichochora maumbo ya mistari mitupu. Mkono wa chuma uliopima mwelekeo wa kichwa ulishuka kutoka darini, kwa hiyo mvaaji hakuweza kwenda mbali. Miaka ya 1980 Jaron Lanier na kampuni yake ya VPL Research waliuza miwani na glovu, naye ndiye aliyelieneza jina la kiingereza la teknolojia hii. Mwaka 1995 Nintendo ikatoa Virtual Boy yenye rangi nyekundu tupu, isiyofuata mwendo wa kichwa hata kidogo, haikudumu mwaka. Baada ya hapo kimya kirefu.

Iliyoifufua VR ni simu ya mkononi. Simu ndizo zilizofanya skrini ndogo zenye pikseli (nukta za picha) nyingi na sensa za mwendo ziwe rahisi kupatikana. Mwaka 2012 Palmer Luckey alichangisha takribani dola milioni 2.4 mtandaoni kwa ajili ya Oculus Rift, na mwaka 2014 Facebook ikainunua kampuni hiyo. Mwaka 2016 zikaja Rift na HTC Vive, kila jicho pikseli 1080 × 1200, fremu (yaani picha) 90 kwa sekunde, zikiwa zimefungwa kwa waya kwenye kompyuta. Quest ya Oculus ya 2019 ikakata waya. Quest 2 ya 2020 ilifika 1832 × 1920 kwa jicho, Quest 3 ya 2023 ikafika 2064 × 2208, na Apple Vision Pro ya 2024 ina takribani pikseli milioni 23 kwa macho yote mawili.

Sasa msidanganywe na hesabu hizo. Kipimo chenye maana ni pikseli kwa kila nyuzi (digrii) moja ya upeo wa macho. Jicho lenye afya linatofautisha kama 60 kwa nyuzi. Quest 2 inatoa karibu 20, Quest 3 karibu 25. Ndiyo maana maandishi madogo yanayosomeka vizuri kwenye kompyuta hugeuka ukungu ndani ya hedseti. Kanuni ya kazi: herufi iwe na urefu wa angalau nyuzi moja. Bango likiwa mita 2 mbele ya mtu, hiyo ni herufi ya sentimita 3.5. Mafunzo mengi yanaharibika hapa tu, kwa mtu kuhamisha kurasa za mwongozo kama zilivyo na kuzibandika kwenye ukuta wa chumba pepe.

Hesabu90

Nyongeza kwa mleta uzi. Pikseli ni nusu ya habari. Nusu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa, ni muda.

Tangu kichwa kinapogeuka hadi mwanga wa picha mpya unapofika jichoni, lengo ni chini ya milisekunde 20. Ukizidi hapo dunia "inaelea": unageuza shingo, ukuta unakufuata kwa kuchelewa. Sikio la ndani linasema umegeuka, macho yanasema bado, na tumbo ndilo linalolipa.

Kwa fremu 72 kwa sekunde programu ina milisekunde 13.9 kuchora kila fremu, tena kwa macho mawili. Kwa 90 ina 11.1. Kwa 120 ina 8.3. Hedseti inasaidia kwa ujanja mmoja: inatabiri kichwa kitakuwa wapi picha itakapotoka, halafu dakika ya mwisho inaisogeza picha iliyokwisha kuchorwa ili ilingane na mkao mpya wa kichwa. Programu ikishindwa kumaliza fremu kwa wakati, hedseti hutengeneza fremu ya kubuni kutokana na zilizopita. Dalili zake ni kingo za mikono kutetemeka kama zimelowa maji, na vitu vinavyopita karibu kuacha vivuli viwili viwili. Ukiona hivyo usilaumu lenzi.

Namna ya kujua tatizo liko wapi: shusha ubora wa picha hadi asilimia 70 bila kugusa kitu kingine. Fremu zikipanda, mzigo uko kwenye chipu ya picha, kwa hiyo punguza vivuli, vitu vinavyopitisha mwanga na ukubwa wa picha za kufunika maumbo. Fremu zisipopanda, mzigo uko kwenye kichakataji kikuu: vitu ni vingi mno na kila kimoja kinatolewa amri yake ya kuchorwa. Viunganishe. Kipimo hiki huchukua dakika mbili na huokoa siku nzima za kubahatisha.

Kiwiko

Asanteni. Swali: kuna watu wanaoshikwa na kichefuchefu hata kwenye hedseti mpya yenye fremu 90 bila kukatika. Kwa nini, kama muda uko sawa?

Hesabu90

@Kiwiko, kwa sababu kuna ugonjwa wa aina mbili. Wa kwanza ni wa ucheleweshaji, nimeueleza juu. Wa pili unatoka kwa aliyetengeneza programu: anamsogeza mtumiaji ilhali mwili umesimama. Hapo hata fremu 1000 hazisaidii, macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani halijausikia.

Kanuni namba moja: kichwa cha mtumiaji ni mali yake, programu isikiguse. Kumhamisha mtu mbali, mruke: aelekeze kidhibiti cha mkononi sakafuni, skrini ififie kidogo, atokee pale. Kumgeuza, mgeuze kwa vipande vya nyuzi 30 au 45, usimzungushe taratibu. Ukilazimika kumwendesha mfululizo, tumia mwendo wa kasi moja, maana kinachoumiza zaidi ni kuongeza na kupunguza kasi, na uzibe pembeni mwa upeo wa macho kwa giza wakati anasogea. Chumba cha rubani au dashibodi inayobaki tuli mbele ya macho nayo hupunguza adha, kwa sababu ubongo unapata kitu cha kushikilia.

Upande wa mtumiaji: vipindi vya kwanza viwe vya dakika 10. Jasho jembamba, mate kujaa mdomoni au kupiga miayo ni dalili za mwanzo, avue pale pale. Ushauri wa "vumilia utazoea" ni mbaya kabisa. Mwili hujifunza kuihusisha hedseti na ugonjwa, na baadaye harufu ya sponji peke yake inatosha kumchafua mtu roho. Na asiendeshe gari mpaka awe sawa kabisa.

Anayefanya tathmini rasmi atumie dodoso la kupima adha hii, la Kennedy na wenzake la 1993. Lina dalili 16, kila moja ikipewa alama 0 hadi 3. Mjazishe mtu kabla na baada, siyo baada tu, maana wengine huja tayari wanaumwa kichwa.

Lenzi_Mbili

Kabla hamjaenda mbali niongeze uvaaji, kwa sababu "picha ina ukungu" nyingi zinaishia hapa.

Legeza mikanda yote. Weka mbele kwanza, kisha vuta mkanda wa nyuma ushuke chini ya kisogo, pale mfupa unapoanza kuingia shingoni. Ukiuacha juu, hedseti yote itateleza kuelekea mashavuni. Kaza ya pembeni kiasi tu. Sasa angalia maandishi ya katikati, uinamishe hedseti juu na chini taratibu hadi yakolee. Ndipo urekebishe umbali kati ya lenzi. Mwisho kabisa kaza mkanda wa utosini, ndio unaobeba uzito.

Umbali kati ya mboni za macho kwa watu wazima wengi uko kati ya milimita 54 na 74, wastani ukiwa karibu 63. Quest 2 ina nafasi tatu tu: 58, 63 na 68. Quest 3 ina gurudumu, na inafaa wenye umbali wa 53 hadi 75. Mtu akiwa nje ya nafasi hizo, katikati patakuwa safi lakini macho yatachoka ndani ya robo saa. Mpime kwa rula mbele ya kioo, usikisie.

Wenye miwani: weka kipande cha nafasi kinachosogeza lenzi mbali na uso, au lenzi za kupachika zenye namba zao. Kioo cha miwani kikigusa lenzi ya hedseti kinaichora, na mchubuko wa lenzi hautoki.

Kuna jambo moja uvaaji mzuri haulitibu. Hedseti za kawaida zina umbali mmoja wa kulenga, mara nyingi kati ya mita 1.3 na 2. Kitu pepe kikisogezwa sentimita 30 kutoka usoni, macho yanageukia ndani kukifuata huku lenzi ya jicho ikibaki imelenga mbali. Misuli miwili inapewa amri zinazopingana. Menyu, vipimo na maelezo yawekwe kati ya mita 1 na 2.

Bomba_la_Sindano

Nichangie upande wa afya. Huku kuna ushahidi, na kuna porojo pia.

Utafiti unaostahili kukumbukwa ni wa 2002, uliofanywa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kuchapishwa kwenye jarida la Annals of Surgery. Madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji waligawanywa makundi mawili. Waliofundishwa kwa kifaa cha VR walitenganisha kibofu cha nyongo kwa kasi zaidi kwa asilimia 29, na wasiofundishwa nacho walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kukijeruhi kibofu hicho au kuunguza sehemu isiyohusika. Kifaa kile hakikuwa cha kuvaliwa kichwani, kilikuwa skrini na mishikio ya vyombo vya upasuaji, na picha zake kwa macho ya leo ni duni.

Kilichofanya kazi basi ni nini? Kundi la VR halikuambiwa "fanyeni kwa muda wa saa kumi". Liliambiwa lirudie hadi lifikie alama za wapasuaji wenye uzoefu. Hapo ndipo penye dawa. Programu ya mafunzo inayohesabu saa badala ya kiwango inapoteza fedha za watu, hata iwe na picha nzuri namna gani. Kabla ya kununua, uliza: wataalamu wenyewe walipata alama ngapi humu ndani? Kama hakuna jibu, hakuna mafunzo.

Kupunguza maumivu: Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kilitengeneza dunia ya theluji kwa wagonjwa wa majeraha ya moto, waitumie wakati wa kusafishwa vidonda. Maumivu yanahitaji umakini wa ubongo, ukiuchukua umakini yanapungua. Anayetaka kutumia njia hii ajue kwamba kutazama video tu hakutoshi, mgonjwa apewe kazi ya kufanya.

Hofu: utafiti wa Rothbaum na Hodges wa 1995 ulihusu woga wa vimo. Utaratibu ni wa ngazi. Mtu anataja hofu yake kwa alama 0 hadi 100, tabibu anamweka kwenye kimo cha chini, wanabaki pale hadi alama zishuke karibu nusu, ndipo wanapanda. Kosa la kawaida ni kumwondoa hofu ikiwa kileleni: hapo amefundishwa kwamba kukimbia ndiko kunakoponya. Tabibu lazima aone kwenye skrini ya pembeni kile anachokiona mgonjwa, na adhibiti ngazi yeye.

Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Luminopia, tiba ya hedseti kwa jicho zembe (lisiloona vizuri kwa sababu ubongo haulitumii) la watoto wa miaka 4 hadi 7, na programu ya maumivu sugu ya kiuno ya wiki 8 yenye vipindi 56, vifupi vikiwa vya dakika 2 na virefu 16. Angalieni urefu huo wa vipindi. Ni vifupi kwa makusudi.

Wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga unaomweka-mweka wasivae bila ushauri wa daktari.

Nati_na_Bolti

Nakubaliana na @Bomba_la_Sindano kuhusu kiwango, ila pana mpaka ambao ni lazima usemwe: mikono. Kidhibiti kinatetemeka, hakina uzito wala ukinzani. Mtu anayejifunza kukaza bolti kwa VR atajua mpangilio, bolti ipi kwanza na ipi baadaye, lakini mkono wake hautajua kiasi cha nguvu. Kazi ya kugusa ifundishwe kwa chuma halisi. VR ibebe mpangilio, kutambua hatari, na maamuzi yanayohitaji haraka.

Mahali inapong'ara ni pale ambapo kitu halisi ni cha hatari, ni adimu au hakifikiki. NASA iliitumia kuwaandaa wanaanga kwa ukarabati wa darubini ya Hubble wa 1993, kwa sababu hakuna namna ya kufanyia mazoezi obiti yenyewe. Na anayehitaji mkono pamoja na macho, achanganye: mwaka 2021 mamlaka ya usafiri wa anga ya Ulaya, EASA, iliidhinisha kifaa cha kwanza cha mafunzo ya urubani chenye VR, cha helikopta ya Robinson R22. Mishikio na kiti ni vya kweli, VR inaleta mandhari. Mchanganyiko huo ndio ningeutetea kwa mashine yoyote kubwa.

Rula_T

Wasanifu majengo, haya yenu. Mfano wa jengo kutoka programu ya usanifu hauingii kwenye hedseti moja kwa moja. Kwa hedseti isiyo na kompyuta, jitahidi eneo zima linaloonekana liwe chini ya pembetatu (vipande vidogo vinavyojenga maumbo) milioni moja na amri za kuchora mia mbili tatu hivi.

Futa kwanza visivyoonekana: skrubu, nondo, bawaba, mabomba ndani ya kuta. Kitasa kimoja chenye pembetatu 20,000 kikirudiwa kwenye milango 60 tayari ni milioni 1.2, na jengo lenyewe bado. Halafu unganisha vyote vyenye rangi moja viwe kitu kimoja. Vivuli na mwanga vipikwe kabla, visikokotolewe papo kwa papo. Hamisha kwa glTF, aina ya faili ya maumbo ya 3D.

Yanayoharibika ni yale yale kila mara. Jengo likitokea kubwa kama mlima, vipimo vilikuwa milimita na glTF inasoma mita. Jengo likiwa limelala ubavu, programu ya kwanza ilihesabu mhimili wa Z kuwa juu, glTF inahesabu Y. Ukuta unaonekana nje lakini ukiingia ndani unatoweka: uso wake unachorwa upande mmoja, ugeuze au uchore pande zote mbili. Sakafu inayometameta unapotembea maana yake nyuso mbili zimekaa mahali pamoja, ondoa moja.

Kabla ya kumwonyesha mteja, simama mlangoni. Kama mlango wa mita 2 unakufika kifuani, kimo cha sakafu hakijawekwa sawa. Mteja akiona dari kwa kimo cha uongo atabadilisha mchoro uliokuwa sahihi, na hilo ndilo kosa la gharama kuliko yote.

Tochi

Wakuu, je, chumba cha mafunzo chenye hedseti 10? Mpangilio, mtandao, umeme?

Waya_Mwekundu

@Tochi, anza na nafasi. Kwa kusimama na kutembea, mita 2 kwa 2 kila mtu, na mita moja kati ya eneo na eneo ili mikono isikutane. Watu 10 wanataka ukumbi. Chumba kikiwa kidogo, tengeneza mafunzo ya kukaa kwenye viti vinavyozunguka, au wavae wanne na wengine wafuatilie kwenye skrini. Wanaofuatilia hujifunza pia, usiwaone wamepoteza muda.

Mwanga: hedseti za leo hujijua zilipo kwa kamera zake zikisaidiana na sensa za mwendo. Sensa peke yake haziwezi, kwa sababu kosa dogo la mwendokasi hukua haraka na ndani ya sekunde chache unajikuta umeelea mita kadhaa. Kamera zinahitaji alama za kushika. Ukuta mweupe mtupu, kioo kikubwa na giza vinazipoteza. Bandika picha na mabango ukutani, funika vioo, washa taa za kawaida za ofisi. Jua la dirishani liwekewe pazia.

Mtandao ndipo wengi wanapoanguka. Ukitaka kurusha picha kutoka kompyuta bila waya, kila hedseti inaomba kama megabiti 100 kwa sekunde au zaidi. Kumi ni gigabiti nzima. Chaneli moja ya Wi-Fi 6 yenye upana wa megahezi 80 huandikwa megabiti 1200, lakini kwa vitendo hupata nusu au zaidi kidogo, na hedseti zinagombea zamu. Picha zitakatika. Kwa hiyo programu na video zote ziwekwe ndani ya hedseti zenyewe, Wi-Fi ibaki ya kuanzisha na kusimamisha kipindi. Ukilazimika kurusha, hedseti moja au mbili kwa ruta, ruta iwe chumba hicho hicho, iungwe na kompyuta kwa waya wa gigabiti, na itumie masafa ya gigahezi 5 au 6.

Video za nyuzi 360: ile inayoitwa 4K ina pikseli 3840 kuzunguka duara zima, yaani chini ya 11 kwa nyuzi. Ni ukungu. Ya 7680 inafika 21, hapo inalingana na hedseti.

Umeme: betri nyingi hudumu karibu saa 2. Kumi zikichajiwa kwa wati 18 kila moja ni wati 180, mzigo mdogo, ila usizichomeke kwenye matundu ya kompyuta, yatatoa wati chache na asubuhi utakuta nusu. Zima usasishaji wa kujiendesha siku moja kabla. Hedseti inayoanza kupakua programu katikati ya somo imekwisha kuua somo.

Usafi: lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu tu, spiriti inakula utando wake. Sponji ya uso iwekewe kava la silikoni, ifutwe na iachwe ikauke kati ya mtu na mtu. Zikihifadhiwa muda mrefu, betri zibaki asilimia 40 hadi 60.

Kiwiko

Na kwa nini husemwa hedseti isiachwe juani hata ikiwa imezimwa?

Lenzi_Mbili

@Kiwiko, kwa sababu lenzi hufanya kazi pande zote mbili. Jua likiingia kwa upande wa macho, linakusanywa hadi nukta moja juu ya skrini na kuichoma ndani ya muda mfupi sana. Doa hilo halitengenezeki, inabadilishwa skrini nzima. Ukiivua, ilaze lenzi zikitazama chini au zifunike.

Tochi

Shukrani. La mwisho: anayeandika programu yake mwenyewe ajifunge kwa kampuni moja?

Hesabu90

Hapana. Andika kwa OpenXR, kiwango cha pamoja cha programu za VR cha muungano wa kampuni uitwao Khronos, kilichotoka 2019, programu moja ihamie hedseti tofauti kwa marekebisho machache. Ila usiandike kwa jina la kitufe, "kitufe A". Andika kwa kitendo, "shika", "ruka", "fungua menyu", kisha kila aina ya kidhibiti uipe ramani yake. Ukianza na vitufe, hedseti ya pili itakulazimu ufumue kila mahali.